Mteja Akulipe kwa Njia Gani? Mwongozo kwa Wakata Nyasi na Watunza Bustani wa Tabora

Mvua za Novemba zikishapiga Tabora, kazi ya nyasi haitafutwi, inakutafuta yenyewe. Ukoka uliokauka tangu Agosti unaamka ndani ya siku chache, michongoma inachipua ovyo, na simu zinaanza kuingia kutoka Cheyo, Ipuli, Isevya na Kiloleni. Kazi ya masika wengi wetu tunaipata. Fedha yake ndiyo inayopotea njiani: nyingine imebaki kwa mteja aliyesema "njoo kesho kutwa", nyingine imeliwa kidogo kidogo na makato ya kutuma na kutoa, nyingine ameipokea kijana wa mashine na haikufika yote.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashine moja au mbili za kufyekea, vijana wawili watatu, na wateja ambao bado anaweza kuwataja majina bila kufungua daftari. Mwenye kampuni na mhasibu wake ana watu wa kumshauri. Jambo ninalolishikilia ni kwamba njia ya malipo ni sehemu ya bei. Kwa hiyo inazungumzwa siku ile ile mnapopatana bei, kabla mashine haijawashwa.

Hatua ya 1: Wapange wateja kabla ya kupanga njia

Watu huanza kwa kuuliza "nisajili lipa namba ya mtandao gani?", yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Anza na watu. Chukua daftari, andika kila mteja uliye naye, na mbele ya jina weka mambo matatu: anaishi wapi, hela yake huingia lini, na ana simu ya namna gani.

Ukimaliza utaona makundi yanajitokeza yenyewe. Yupo mstaafu anayeshinda nyumbani, anakuangalia ukikata kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anataka akupe noti mkononi. Yupo mtumishi, mwalimu au muuguzi wa hospitali ya Kitete, ambaye kabla mshahara haujaingia hana cha kukupa hata ungemwimbia, na ukishaingia una siku chache tu za kumuwahi. Yupo mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam au Mwanza, nyumba ameipangisha au amemwachia ndugu, na hajawahi kukuona uso. Zipo taasisi: nyumba za wageni, shule, makanisa, vyuo. Na wapo wa mara moja tu, mwenye harusi Jumamosi au mwenye msiba anayetaka uwanja usafishwe leo hii turubai lifungwe.

Mkoa huu una kundi jingine ambalo ukilisahau utajilaumu, nao ni watu wa tumbaku. Mkulima au mtu wa chama cha msingi cha ushirika anaweza kuwa na nyumba nzuri mjini na bustani kubwa, lakini hela yake inakuja baada ya masoko ya tumbaku, ambayo hufanyika nyakati za kiangazi. Ukimlazimisha alipe kila wiki mbili kati ya Desemba na Februari, mtagombana bure. Mtu huyu unapatana naye alipe kwa mkupuo akishauza, naye akiwa mwaminifu ni mteja mzuri kuliko wengi. Usiwe nao zaidi ya wawili watatu kwa wakati mmoja, maana petroli ya Januari inanunuliwa Januari.

Hatua ya 2: Jua kila njia inakukata kiasi gani

Hapa ndipo penye hela, kwa hiyo usipapite haraka.

Tuseme kukata bustani moja ni 15,000. Mteja anakutumia 15,000 kamili kwenye namba yako ya kawaida ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas (ile iliyokuwa Tigo Pesa) au HaloPesa. Yeye amekatwa ya kutuma. Wewe unakwenda kwa wakala, unakatwa ya kutoa. Noti zinazofika mfukoni si 15,000 tena. Fanya hivyo kwa kila bustani, masika nzima, na hapo umempa mtandao bei ya galoni kadhaa za petroli.

Ndiyo maana mitaani tunasema "weka na ya kutolea". Ni ombi la haki, ila lina wakati wake. Ukilisema siku ya kupatana, mteja anaitikia bila neno. Ukilisema nyasi zikiwa zimeshakatwa, anaona umempandishia bei mlangoni, na wapo watakaokutumia kiasi kile kile kwa makusudi.

Usitegemee kusimuliwa viwango. Vimepangwa kwa madaraja, kila mtandao una vyake, na hubadilika. Watu wengi wanakumbuka Julai 2021, tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza, jinsi wateja walivyorudi kwenye noti ghafla. Baadaye tozo ikapunguzwa, lakini woga ulibaki. Fanya jaribio lako. Mwombe ndugu au rafiki akutumie kiasi kile kile unachotoza kwa kawaida, kwanza kwenye namba ya kawaida kutoka mtandao ule ule, kisha kutoka mtandao mwingine, kisha kwenye lipa namba kama unayo au ya jirani anayekuamini. Andika: mtumaji amekatwa ngapi, kimeingia ngapi, kukitoa ni ngapi. Kujaribu kwa 1,000 hakukufundishi kitu kuhusu 15,000, kwa sababu daraja ni tofauti.

Ukishaandika utaona kwamba kinachouma zaidi ni kutoa. Basi jiulize swali ambalo wachache hujiuliza: hela hii nikiipata naipeleka wapi? Kituo unachonunulia mafuta kinapokea malipo ya simu? Duka la vipuri unakonunua oili, plagi na kamba za mashine je? Umeme wa nyumbani unaununua kwa simu, hilo tunajua. Fedha unayoilipa moja kwa moja kutoka kwenye simu haiendi kwa wakala kabisa, na ada ya kutoa huioni. Mimi ningechagua mtandao ambao kituo changu cha mafuta kinaupokea kuliko mtandao wenye tangazo zuri la redioni.

Hatua ya 3: Tenganisha laini ya kazi, kisha fikiria lipa namba

Laini ya nyumbani, ambayo shemeji anatuma hela ya shule na wewe unanunua vocha, isipokee hela ya bustani. Mwisho wa mwezi hutajua kipi ni kipi. Sajili laini nyingine kwa kitambulisho chako cha NIDA na uitumie kwa kazi tu. Piga *106# mara moja moja uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika.

Lipa namba ni hatua inayofuata. Ni akaunti ya mfanyabiashara: mteja anaingia kwenye menyu ya kulipa, anaandika namba yako na kiasi, jina la biashara linatokea, anathibitisha. Kuipata utahitaji kitambulisho na mara nyingi namba ya mlipakodi, yaani TIN, ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoa bila malipo. Nenda duka la mtandao wenyewe au kwa wakala mkubwa anayefahamika; anayekufuata barabarani na fomu mkononi mwache aendelee na safari yake.

Faida ninazoziona ni tatu, na hazilingani uzito. Ya kwanza ni jina. Mwenye nyumba aliyeko Dar akiona jina la biashara badala ya jina la mtu asiyemjua, anatuma bila wasiwasi. Kwa hiyo lipime jina kabla hujaanza kuigawa namba, maana likiandikwa vibaya kila mteja atakupigia kuuliza. Ya pili ni kumbukumbu: taarifa za miamala yote ya kazi ziko mahali pamoja. Ya tatu ni makato, na hii inategemea mtandao, kiasi, na unavyoitoa hela humo, ndiyo maana nimekwambia ujaribu mwenyewe.

Kuhusu mitandao kutoingiliana, hofu hiyo ni ya zamani. Benki Kuu ya Tanzania imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu, na TANQR, ule msimbo wa kuskani unaotakiwa kusomwa na mitandao yote. Hata hivyo, kabla hujachapa kadi, pata watu wa mitandao tofauti wakulipe shilingi mia tano mia tano uone zinafika. Msimbo wa kuskani kwa biashara yetu una kazi ndogo. Mteja hayupo dukani. Yuko kazini wakati wewe uko nyumbani kwake. Kinachofanya kazi ni namba iliyoandikwa vizuri kwenye meseji.

Mashine ya kadi nimeiruka kwa makusudi. Hakuna atakayekulipa kukata ukoka wa Isevya kwa kadi ya benki.

Hatua ya 4: Noti zibaki, lakini ziwe na utaratibu

Kuna wanaoshauri kuacha kabisa fedha taslimu. Kwa Tabora sikubaliani. Mzee anayekupa noti ya elfu kumi na ya elfu tano kabla hujamaliza kukung'uta nyasi kwenye mashine ni mteja bora kuliko mwenye programu tatu za benki kwenye simu na ahadi nne mdomoni. Noti haikatwi, haisubiri mtandao, na haina meseji ya kughushi.

Tatizo lake ni mkono inaopitia. Kama unakwenda mwenyewe kila bustani, hapana shida. Kama unatuma vijana, weka sheria na uisimamie siku zote, hata kwa mdogo wako wa tumbo moja. Kijana anayepokea awe mmoja anayejulikana. Awe na kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni, na mteja apewe karatasi yake. Hela ifike jioni ile ile pamoja na kitabu. Posho ya chakula na mafuta ya dharura uwape asubuhi, wasijilipe humo humo kwenye hela ya mteja, kwa sababu ikishaanza kukatwa "mia tano ya maji" hutaweza tena kujua imeishia wapi.

Panga bei isiyohitaji chenji. Elfu kumi na tano, elfu ishirini. Ukisema 17,500 kijana atahangaika nyumba ya pili na ya tatu kutafuta mia tano, na mara nyingine ataiacha.

Dola za mgeni usizipokee. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei au kulipwa kwa fedha za kigeni kwa huduma za hapa nchini. Mtafiti au mmisionari akikupa, mwombe abadilishe kwanza benki.

Utapewa pia karanga, mchele, kuku, na mwenye bahati atapewa asali. Si vibaya kupokea, ilimradi mkubaliane bei ya sokoni ya siku hiyo na uandike daftarini kwa shilingi. Asali iliyopokelewa bila kuandikwa inakuwa zawadi, na deni la bustani linabaki pale pale kwenye kichwa chako huku mteja akijua kalipa.

Hatua ya 5: Amua analipa lini

Kwa mtazamo wangu, siku ya kulipa ina uzito kuliko chombo cha kulipia. Ziko namna tatu.

Kulipa kila mara mnapokata ni rahisi, na kwa wa mara moja ndiyo njia pekee. Harusi na msiba ni malipo kabla: nusu mnapopatana, nusu kabla ya kuondoka uwanjani. Baada ya shughuli hakuna anayekumbuka nani alifyeka nyasi.

Kulipa mwisho wa mwezi kunawafaa watumishi. Hapa weka tarehe, kwa namba. "Mwisho wa mwezi" kwa mtu mwingine ni tarehe 24 mshahara ukiingia, kwa mwingine ni tarehe 5 ya mwezi unaofuata baada ya mikopo kukatwa.

Namna ya tatu ni malipo sawa kila mwezi, mwaka mzima, na kwa hali ya hewa yetu inastahili kupigiwa hesabu. Tabora ina masika moja ndefu, Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kikavu. Tuseme masika unakata mara 2 kwa mwezi kwa miezi 6, hiyo ni mara 12. Kiangazi unapita mara 1 kwa mwezi kuzoa majani ya miembe, kupogoa na kumwagilia, mara 6. Jumla mara 18. Kwa 15,000 kila mara, mwaka ni 270,000. Gawa kwa miezi 12: 22,500 kila mwezi. Mteja hashtuki Januari, na wewe unakula Agosti.

Lakini angalia mtego uliomo. Mteja akianza na wewe Novemba na kukuacha mwisho wa Aprili, amekulipa miezi 6, yaani 135,000, wakati kazi uliyomfanyia ni ya 180,000. Umemkopesha 45,000 bila kujua. Akianza Mei mambo yanageuka: hadi Oktoba ameshalipa 135,000 kwa kazi ya 90,000, na wewe ndiye mwenye deni lake la 45,000. Kwa hiyo mpango huu uanze Mei kila inapowezekana, na uandike wazi kwamba atakayeacha katikati, hesabu inapigwa kwa idadi ya mara bustani ilivyokatwa: aliyelipa pungufu anaongeza, aliyelipa zaidi anarudishiwa. Usipoandika sentensi hiyo, afadhali ubaki na malipo ya kila mara.

Usimpe mpango huu mteja mpya. Mpe aliyeshakulipa masika moja bila kukimbizana.

Hatua ya 6: Taasisi na benki

Shule, chuo, hoteli au ofisi haitakulipa kwa noti ya mkononi, na ikikulipa hivyo kaa macho. Watataka ankara, jina la biashara, TIN, na akaunti ya benki. Fungua akaunti kwa jina linalofanana na lile la kwenye ankara; tofauti ya herufi mbili inatosha malipo kurudishwa na wewe kusubiri tena.

Mambo mawili ya kujua kabla hujafurahia kiasi kikubwa. La kwanza, taasisi nyingi hukata kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, kwa kawaida asilimia 5. Ankara ya 400,000 inakufikia 380,000. Ile 20,000 haijapotea: dai cheti chake, kwani ni kodi iliyokwishalipwa kwa jina lako. La pili, taasisi za serikali hununua huduma kupitia NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni ulioanza 2023, kwa hiyo bila kusajiliwa humo utaishia kuambiwa "tutakuita". Kama nyinyi ni kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, na kazi za usafi na bustani ni za aina inayoweza kuwafaa.

Taasisi hulipa polepole. Kabla ya kukubali, jipime kama mafuta na posho za vijana kwa miezi miwili mitatu utaziweza bila hela yao. Kama huwezi, omba malipo kila mwezi badala ya mwisho wa mkataba, au iache kazi.

Mwisho ni kodi, maana wengi wanaogopa lipa namba kwa sababu ya TRA. Kwa jedwali la kodi ya makadirio la miaka ya karibuni, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi hiyo. Wateja 20 wa 22,500 kwa mwezi ni mauzo ya milioni 5.4 kwa mwaka, yaani kundi la milioni 4 hadi 7. Hapo asiye na kumbukumbu anakadiriwa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani ya milioni 1.4, ambayo ni 42,000. Miamala ya simu na kitabu chako cha risiti ndizo kumbukumbu zenyewe. Anayejificha kwenye noti zisizoandikwa analipa zaidi ya anayeandika.

Hatua ya 7: Jilinde na meseji za uongo

Meseji ya malipo ya kweli inakuja na jina la huduma ya mtandao, si kutoka namba ya mtu ya kawaida. Ila usiamini hata hiyo peke yake. Angalia salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*88# kwa HaloPesa. Mteja akikuonyesha meseji kwenye simu yake, mshukuru, kisha angalia salio lako. Si dharau, mteja mwema hachukii.

Ujanja mwingine ni wa anayepiga akisema amekosea, ametuma 50,000 badala ya 15,000, umrudishie iliyozidi haraka mtoto yuko hospitali. Usirudishe kwa kutuma. Mwambie apige huduma kwa wateja, namba 100, muamala ushughulikiwe na mtandao wenyewe. Na ikija ile meseji mashuhuri ya "ile hela tuma kwenye namba hii", namba iliyotuma iripoti kwa 15040.

Namba ya siri haiko kwa kijana, haiko kwa wakala, haiko kwenye jalada la daftari.

Hatua ya 8: Waambie wateja kwa maneno machache

Chagua njia mbili, tatu zikizidi. Kwa wengi wetu zitakuwa noti na lipa namba, na benki kwa mwenye taasisi. Njia tano zinakufanya utafute hela kwenye simu tano. Kisha andika ujumbe mmoja wa kutuma baada ya kila kazi, kwa mfano:

"Shikamoo mama. Bustani tumemaliza leo saa nne, picha hizi hapa. Malipo ni 15,000 kwa lipa namba (andika namba), jina litakalotokea ni (andika jina). Ukishalipa nijulishe jina lako tu, huku nitaiona. Asante sana mama."

Picha ni za lazima kwa mwenye nyumba aliye mbali: moja kabla, moja baada, mahali pale pale pa kusimama. Ndizo zinazomfanya alipe bila kumpigia ndugu yake kuuliza. Aliyeko nje ya nchi anaweza kutumia huduma za kutuma fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye simu yako. Makato ya huko ni yake, yaandikwe hivyo tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Kudai

Kukopa harusi, kulipa matanga. Utadai tu, hata ukipanga vizuri namna gani, kwa hiyo panga na namna ya kudai.

Siku moja baada ya tarehe mliyokubaliana, tuma ujumbe wa heshima wenye kiasi na tarehe. Usiandike "naomba unisaidie". Hela ni yako, huombi msaada.

"Shikamoo baba. Habari za nyumbani? Nakumbusha ile 22,500 ya mwezi wa pili, tulipanga tarehe 25. Tarehe 3 tunakata upande wa Ipuli. Nikipata malipo kabla ya hapo, na kwako tutapita. Asante."

Kimya kikiendelea, piga simu mara moja, jioni, si saa za kazi na si mbele ya watu msikitini au kanisani. Akieleza shida ya kweli, msikilize, mkubaliane alipe nusu sasa na nusu tarehe nyingine, na uiandike yeye akisikia. Msiba, ugonjwa, mshahara kuchelewa, hivyo vipo, na mji wetu si mkubwa kiasi cha kumkasirikia mtu ambaye kesho utamkuta sokoni.

Asipopokea wala kujibu, usipite tarehe 3. Usimtumie matusi, usimwambie jirani, ruka nyumba yake tu na uendelee na inayofuata. Kwa mvua za Machi hatakaa muda mrefu kabla hajakupigia mwenyewe. Atakapopiga, msalimie kama kawaida, mwambie deni ni kiasi gani, na kwamba kuanzia sasa kwake ni kulipa kabla ya kukata, pamoja na nyongeza, kwa kuwa nyasi zilizofika magotini zinakula mafuta mara mbili.